Kuwajua Waingereza kwa Kitabu: Habari za Mabepari wa Venisi

Kila mwanafunzi ajifunzaye Kiingereza hufika siku moja mahali ambapo maneno peke yake hayamtoshi. Amekwisha jua jina la kila kitu kilichomo chumbani, amekwisha jua kugeuza wakati uliopita na wakati ujao, lakini bado haelewi wenye lugha hiyo ni watu wa namna gani. Ndipo aanzapo kuuliza: Waingereza hupenda nini? Huogopa nini? Huona aibu kwa jambo gani? Maswali hayo ni mema, kwani lugha ni nyumba ikaayo watu. Lakini majibu ayapatayo katika vitabu vingi vya kujifunzia ni haba. Huambiwa ya kwamba Waingereza hunywa chai, hupanga foleni, husema ahsante mara nyingi, na ya kwamba kwao kuna mvua na baridi. Mambo haya si uongo, lakini ni desturi za barazani. Mgeni aliyekaa barazani mchana kutwa hawezi kusema kwamba ameijua nyumba.

Basi leo twataka kusema habari za kitabu kimoja ambacho, kwa maoni yetu, chamwingiza mwanafunzi ndani. Nacho ni Mabepari wa Venisi, yaani mchezo wa William Shakespeare uliofasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kutolewa na Oxford University Press mwaka 1969. Twasema hasa na wanafunzi na walimu wa Shinyanga, Kahama na Geita, nchi ya pamba, almasi na dhahabu, kwa sababu tutakazozieleza. Shauri letu ni kwamba kitabu hiki kisomwe pamoja na Kiingereza chake, ukurasa kwa ukurasa, wala kisisomwe kama kitu cha kusifiwa tu, bali kama shahidi wa kuulizwa maswali.

Hadithi za Shakespeare si ngeni katika Kiswahili. Tangu mwaka 1867 Askofu Edward Steere alipiga chapa huko Unguja Hadithi za Kiingereza, zilizotolewa katika kitabu cha Charles na Mary Lamb. Lakini zile zilikuwa masimulizi yaliyofupishwa, na michezo yenyewe haikuwamo. Nyerere alifanya kazi kubwa zaidi. Alikuwa mwalimu wa shule Tabora, kisha akasoma katika chuo kikuu cha Edinburgh tangu 1949 hata 1952, akarudi kufundisha Pugu. Mwaka 1963, alipokuwa Rais, alitoa tafsiri ya mchezo wa Julius Caesar, na baada ya miaka sita akatoa huu. Hakuutia vina vya mashairi yetu ya kale, bali aliufuata mwendo wa Shakespeare mwenyewe usio na vina. Wako wanaoona kwamba mistari yake ni mikavu kwa sikio lililozoea utenzi. Sisi twaona kwamba alichagua vema, kwa maana mchezo huu umejaa hoja na mashitaka, na vina vingeyafunga maneno ya mahakamani kama kamba miguuni.

Kisa chake, kwa ufupi, ni hiki. Bassanio, kijana wa Venice mwenye madeni, ataka kwenda Belmont kumposa Portia, msichana tajiri. Rafiki yake Antonio, mfanya biashara, hana fedha mkononi kwa kuwa mali yake yote iko baharini. Basi akopa kwa Shylock, Myahudi, ambaye amemdharau na kumtemea mate siku nyingi. Shylock hataki riba safari hii. Aandika hati ya kwamba fedha zisipolipwa kwa siku yake, atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Merikebu zakosa kurudi, na siku ya deni yapita. Wahenga wetu walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Na hapa arusi ya mtu mmoja yakaribia kuwa matanga ya mwingine.

Mwanafunzi aweza kusema, "Lakini mambo haya ni ya Venice, si ya Uingereza. Nitawajuaje Waingereza kwa habari za Waitalia?" Swali lake ni la haki. Jibu ni kwamba mtu akitaka kusema aibu za nyumbani mwake, mara nyingi huzipeleka kwanza mji wa mbali. Mchezo huu uliandikwa karibu na mwaka 1597, ukapigwa chapa mwaka 1600. Wakati ule Wayahudi hawakuwa na ruhusa ya kukaa Uingereza waziwazi. Walikuwa wamefukuzwa na Mfalme Edward wa Kwanza mwaka 1290, wala hawakuruhusiwa kurudi mpaka karibu na 1656. Kwa hiyo watu wa London waliomcheka Shylock walimcheka jirani waliyekwisha mfukuza. Na riba je? Waingereza waliihubiri kuwa dhambi, lakini sheria yao ya 1571 iliivumilia isipozidi kumi kwa mia. Babaye Shakespeare mwenyewe, John, alishitakiwa mwaka 1570 kwa kukopesha fedha kwa riba kubwa kupita kiasi. Basi mkopeshaji aliyechukiwa jukwaani hakuwa mtu wa Venice peke yake. Alikuwa akiishi pia katika nyumba za Wakristo wa Uingereza. Hiyo ndiyo habari ya kwanza ya ndani, nayo yatufunza kuwauliza Waingereza: jambo hili mnalolicheka kwa mgeni, kwenu halipo?

Tena yumo Mwingereza mmoja katika mchezo, ijapokuwa haonekani, atajwa tu. Miongoni mwa wanaume waliokuja kumposa Portia ni kijana mtukufu aitwaye Falconbridge. Portia asema kwamba hawezi kuzungumza naye, kwani kijana huyo hajui Kilatini, wala Kifaransa, wala Kiitalia. Ni mzuri kama picha, lakini nani awezaye kuongea na picha? Na mavazi yake ni ya kuokoteza: koti la nchi hii, suruali ya nchi ile, kofia ya nchi nyingine, na tabia kutoka kila mahali. Twawaomba wanafunzi wapasome hapo polepole. Wengi wao huona haya kusema Kiingereza, wakidhani kwamba ulimi wao wa Kisukuma ni aibu. Kumbe mwandishi mkuu wa Waingereza aliwacheka watu wake mwenyewe kwa sababu hawakujua lugha za wenzao! Mtoto wa Geita ajuaye Kisukuma, Kiswahili na Kiingereza amempita Falconbridge kwa lugha mbili.

Karibu yake yuko pia bwana wa Uskoti. Portia asema kwamba Mskoti huyo alipigwa kofi na Mwingereza, akaahidi kulilipa siku atakapoweza, na Mfaransa akawa mdhamini wake. Ni mzaha mfano wa utani wa makabila yetu. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1603 mfalme wa Uskoti alirithi kiti cha Uingereza, na katika kitabu kikubwa cha michezo ya Shakespeare cha 1623 neno "Mskoti" limeondolewa, likawekwa neno la kusema bwana mwingine tu. Hapo mwanafunzi ajifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba wale tuwaitao Waingereza si taifa moja tangu asili, na kwamba kwao pia neno hubadilishwa mwenye nguvu akiwa karibu kusikiliza.

Sasa tuje kwa jina la tafsiri, kwa kuwa ndipo penye sifa na ila. Kwa Kiingereza mfanya biashara wa jina la kitabu ni mmoja, naye ni Antonio. Nyerere aliandika wengi: mabepari. Neno bepari lilitujia kutoka kwa Wahindi, na zamani maana yake ilikuwa mfanya biashara tu. Lakini kitabu kilitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967, na siku zile bepari alikuwa mtu anyonyaye jasho la wenziwe. Basi jina hili ni hukumu. Lamwambia msomaji kabla hajafungua kitabu kwamba Antonio na Shylock, ajapokuwa mmoja asifiwa na mwingine alaaniwa, ni watu wa kazi moja. Na kwa kweli mchezo wenyewe wampa Nyerere sababu: Portia anapoingia mahakamani akijifanya mwanasheria, jambo la kwanza aulizalo ni yupi mfanya biashara na yupi Myahudi. Wamesimama pamoja, naye hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama. Jina la Kiswahili ni kama jibu la swali lile. Twalisifu, kwani mfasiri mwenye busara huonyesha yaliyofichwa katika maneno ya asili.

Lakini ila yake ni hii. Msomaji akiisha kuwaweka wote katika kapu moja, aweza asione kwamba mizani ya sheria haikuwapima sawasawa. Mahakamani Portia amwambia Shylock kwamba nyama ni yake, lakini hati haikutaja damu. Akimwaga tone moja la damu ya Mkristo, mali yake yatwaliwa. Hapo wengi hupiga makofi. Hata hivyo kesi haikuishia hapo. Portia atoa sheria nyingine: mgeni akijaribu kumwua mwenyeji, nusu ya mali yake ni ya yule mwenyeji, nusu ni ya serikali, na uhai wake uko mikononi mwa mtawala. Shylock akaa Venice, afanya biashara Venice, alipa na kulipwa Venice. Lakini siku ya hukumu aitwa mgeni. Kisha Antonio ataka abadili dini kwa lazima, na jambo hilo laitwa huruma. Sisi twasema wazi: dini ya kulazimishwa si rehema kwa mtu wala si heshima kwa Mungu. Nao waliohubiri huruma kwa maneno matamu mwanzoni mwa kesi, mwishoni hawakuwa na huruma. Jina "mabepari" halituonyeshi jambo hili. Jambo hilo si la mali tu. Ni la nani ahesabiwaye kuwa mwenyeji.

Watu wa kwetu hawana haja ya kwenda Venice ili kulijua jambo hilo. Waingereza walipotawala Tanganyika waliweka sheria mwaka 1931 ya kuzuia mkopo kwa wenyeji wa Afrika: asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika pasipo kibali hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemekana kwamba ni ya kumlinda Mwafrika asinaswe na madeni. Huenda ilimlinda mkulima. Lakini ilimfungia mlango Mwafrika aliyetaka kufungua duka, kwani ni nani atakayempa bidhaa mtu asiyeweza kudaiwa? Ulinzi na kizuizi vilikuwa ndani ya sheria moja, na kipimo chake kilikuwa rangi ya mtu. Aliyeisoma kesi ya Shylock kwa makini ataitambua sheria kama hii akiiona.

Na habari ya mizani je? Shylock aja mahakamani na mizani yake ameishika, tayari kupima nyama. Wakulima wa pamba wa Usukuma walizijua mizani za wanunuzi. Katika miaka ya 1950, walipoungana katika vyama vya ushirika mpaka Shirikisho la Victoria likaundwa mwaka 1955, lalamiko lao mojawapo kubwa lilikuwa kwamba pamba yao haikupimwa kwa haki. Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa pamba akisoma mahali pale, haimpasi kufundishwa maana ya mizani. Yeye ndiye awezaye kumfundisha mwalimu wake.

Sasa visanduku. Babaye Portia aliacha wosia kwamba amtakaye binti yake achague kimoja katika visanduku vitatu: cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Mwenye kuchagua dhahabu akuta ndani yake fuvu la mtu na barua ya kumwonya. Methali ile isemayo kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu, ambayo Waingereza walikuwa nayo zamani, ilipata kuvuma sana kwa ajili ya barua hiyo. Picha ni ya kweli, na watu wa Geita waijua kuliko wote: katika machimbo, dhahabu na kifo hukaa jirani.

Lakini tuiulize picha hii swali. Bassanio achagua risasi, asifiwa kwa kuidharau dhahabu, apewa mke. Je, ameidharau kweli? Alipomtaja Portia kwa Antonio mara ya kwanza, alianza na urithi wake, kisha uzuri, kisha tabia njema. Na zawadi ya kudharau dhahabu ni nyumba iliyojaa dhahabu. Twaona hapa desturi moja ya Waingereza wa zamani, nayo si yao peke yao: kuidharau mali katika hadithi, na kuitafuta kwa merikebu. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930, wakati wa utawala wao, hata 1966. Mwadui, almasi zilivumbuliwa mwaka 1940 na John Williamson, Mkanada. Na mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi ya mgodi ule, yenye karati 54.5, alipewa Binti Mfalme Elizabeth kuwa zawadi ya arusi. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, ikatiwa katika pambo la kifuani lenye umbo la ua. Hatusemi kwamba zawadi ni vibaya. Twasema tu kwamba kisanduku cha risasi hakikutoka Shinyanga.

Tena ni nani aliyechagua dhahabu akakuta fuvu? Ni Mwana wa Mfalme wa Moroko, Mwafrika. Afikapo tu aomba asichukiwe kwa sababu ya rangi yake, akataka apasuliwe ngozi pamoja na mtu mweupe kabisa wa kaskazini, ili ionekane damu ya nani ni nyekundu zaidi. Portia amjibu kwa adabu. Lakini akiisha ondoka, ashukuru, na kuomba kwamba wote wenye rangi ile wachague vivyo hivyo. Hapo mwanafunzi wetu huinua macho. Walimu wengine hupita haraka, wengine huruka kabisa. Sisi twaomba wasiruke. Shylock naye, katika maneno yake yajulikanayo sana, auliza kama Myahudi akichomwa hatoki damu. Wageni wawili, kila mmoja aita damu kuwa shahidi wake kwamba yeye ni mtu. Na mahakamani ni tone la damu liamualo kesi, lakini ni damu ya Mkristo wa Venice peke yake iliyo na thamani katika sheria. Shakespeare aliyaweka mambo hayo matatu katika kitabu kimoja. Kama alikusudia kuwashitaki watu wake au la, watu wanabishana hata leo. Lakini ushahidi ameuacha, na msomaji asiye wa damu ile ana haki ya kuutumia.

Wako wasemao kwamba mchezo wa zaidi ya miaka 400 hauna faida kwa kijana wa leo. Bora asome magazeti na barua za biashara. Twajibu kwamba asome hayo pia, lakini asidhani kwamba barua ya biashara ni nyepesi kuliko Shakespeare. Mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza upya mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka uliofuata, nchi ilikuwa imefunga mikataba na makampuni ya kigeni. Mwaka 2017 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuyapitia upya masharti hasi katika mikataba ya maliasili. Swali lake ni lile lile la Venice: hati ikiisha tiwa sahihi, na masharti yake yakiwa ya kuumiza, yapasa ifuatwe neno kwa neno? Antonio aliitia sahihi huku akicheka. Aliyemwokoa ni mtu aliyesoma kilichoandikwa na kisichoandikwa. Kijana wa Geita asiyeweza kusoma hivyo kwa Kiingereza atasomewa na mwingine, na huyo mwingine huenda akawa na rafiki yake mahakamani, kama Portia alivyokuwa naye.

Basi hukumu yetu juu ya kitabu ni hii. Tafsiri ni njema, jina lake ni la ujasiri ingawa lafunika jambo moja, na mchezo wenyewe ni mzuri na tena una uovu ndani yake. Mwalimu asiuoshe uovu huo ili Waingereza waonekane malaika, wala asiutumie ili waonekane mashetani. Mwanafunzi ambaye huabudu na mwanafunzi ambaye huchukia, wote wawili wameacha kusoma. Afundishe kesi mara mbili: mara ya kwanza darasa liwe upande wa Antonio, mara ya pili upande wa Shylock, kisha wanafunzi waandike hukumu yao kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, waone kama lugha mbili zimewapa hukumu moja. Watu hujulikana kwa yale wanayobishana wenyewe kwa wenyewe, kuliko kwa yale wanayomwonyesha mgeni pamoja na chai. Waingereza walibishana hapa juu ya deni, sheria, rangi na huruma, na mabishano hayo hayajaisha. Mwanafunzi wa Shinyanga na aingie, akae, asikilize. Na mizani aje na zake.